Nondo za Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Mwalimu Machibya ametuagiza tuandike shajara ya kusoma kitabu, kwa Kiingereza, tumpelekee kila Ijumaa. Ile nitamwandikia. Hii ya Kiswahili simpelekei mtu.

Kitabu chenyewe ni riwaya ya zamani ya Kimarekani. Kijana wa shambani anakwenda mji mkubwa ulio kando ya ziwa, anauza ngano, anatajirika, anajenga jumba, na kila akipata faida anaongeza ghorofa. Tuliposikia kuna ziwa darasa zima lilicheka. Kija, ninayekaa naye dawati moja, akasema, "Kumbe na wao wana Mwanza yao." Mwalimu akaandika swali ubaoni, la insha ya mwisho wa Aprili, kabla kidato cha sita hatujaingia kwenye mtihani wa taifa: Tajiri huyu alishindwa wapi?

Nimeshajibu kichwani. Tamaa. Kitabu kizima cha nini?

Jumapili, 9 Februari

Nieleze nyumba yetu, maana Mwalimu anasema jumba la kwenye riwaya nalo ni mhusika. Yetu iko Ilemela, juu ya mawe. Ukisimama barazani unaona ziwa na ndege zinazotua. Baba, Owiti, aliijenga kwa biashara ya mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara ambavyo Wachina wananunua kwa bei ya kushangaza. Ghorofa mbili zimekwisha. Ya tatu ni nondo tu, zimechomoza juu ya zege zinapata kutu tangu nikiwa kidato cha pili. Baba hataki kuezeka. "Ukishaezeka umekubali kuwa umemaliza," anasema.

Sasa anaumwa ini na hapandi tena ngazi. Mama amemhamishia chumba cha wageni, huku chini. Mimi namuuguza, nasoma, nalala. Watu wananiuliza unajisikiaje. Sijisikii chochote. Nimekufa ganzi tangu daktari alipotuita ofisini mwezi wa kumi na mbili, na sijui itaisha lini.

Jumatano, 19 Februari

Sura ya nne. Tajiri ameoa. Chakula cha jioni, wali na maharage.

Jumamosi, 1 Machi

Baba mkubwa Ogweno amekuja kutoka Rorya, kwao baba, na gunia la mihogo mikavu. Ni kaka yake baba, tumbo moja. Akija ni yaleyale, ningeweza kuyaandika kabla hajabisha hodi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Unasoma?"

"Nasoma."

Anakaa ukingoni mwa kochi, viatu amevivua mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Anaangalia dari. "Nyumba nzuri, Owiti."

"Asante, kaka."

"Na nyumbani je?"

"Mwakani, kaka."

Hapo ndipo mama huinuka na kwenda jikoni. Mama, Wilhelmina, ni Mkerewe, na ameolewa miaka yote hii bila kuwa na nyumba Rorya. Kwa Wajaluo mke wa namna hiyo akifika kwa mume wake ni mgeni, anatandikiwa kwa watu. Aliacha kwenda nikiwa mdogo. Nikisikia lile neno, mwakani, huwa namtazama baba na namwona yule wa kitabuni: ghorofa mbili mjini, kwao hata kibanda cha kuku.

Baba alimpa kaka yake nauli. Hakuipokea. Hajawahi kupokea kitu kwetu, hata kandambili. Anakuja kutusuta tu na kuondoka. Nimemchukia, kwa kiasi ninachoweza siku hizi.

Ijumaa, 14 Machi

Masika yameanza. Zege la juu limelewa maji na sebule inavuja pembeni mwa kabati la vyombo. Nimeweka beseni la bluu. Kazi mpya.

Jumanne, 18 Machi

Mwalimu alituuliza tena, alishindwa wapi? Nikasimama nikamwaga yote: aliwasahau wa kwao, akajenga kwa ajili ya kuonekana, mtu asiyejua pa kuishia. Mwalimu akafurahi, akaniambia niandike hivyohivyo. Kija alininong'oneza, "Favour, unamsema tajiri kama vile amekula kuku wako." Nikakaa. Nilikuwa nimemsema baba mbele ya darasa na moyo haukushtuka hata kidogo.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Mabeseni mawili.

Jumatano, 26 Machi

Baba amelazwa. Macho yake ni ya njano, miguu imejaa. Anaomba nimsomee kitabu changu. Namsomea kwa Kiingereza, kisha namweleza. Nilipofika pale tajiri anapoondoka shambani, kaka yake akimsindikiza stesheni na kumbebea sanduku, baba alifumbua macho.

"Huyo kaka anaitwa nani?"

"Hajatajwa jina, baba. Anaonekana hapo tu."

"Anaonekana hapo tu," akarudia. Akageukia ukutani.

Jumapili, 30 Machi

Lazima niyaandike haya vizuri.

Mama alikuwa amekwenda nyumbani kuoga. Nilikuwa nammenyea baba chungwa ambalo hatalila. Akaniita kwa jina la kwetu, na akianza na Achola najua si mzaha.

"Achola. Wakija kunichukua, waambie hapana."

"Nani, baba?"

"Wa nyumbani. Nizikwe pale kwangu, kwenye mawe. Patatosha, nyuma ya tangi la maji."

Nikamuuliza kwa nini. Alifumba macho, nikafikiri amesinzia.

"Kule sina mlango," akasema. "Wataninyanyulia kibanda cha siku moja, wapite wakinicheka. Sitaki."

Nikasema sawa, baba. Nilisema kama mtu anayeambiwa anunue chumvi. Halafu nikala lile chungwa mwenyewe.

Sijamwambia mtu. Nikisema, baba mkubwa na ukoo mzima wataona tumewatukana, maana kwao mtu kuzikwa ugenini ni kama ametupwa. Nisiposema, nimemdanganya mgonjwa. Nafikiria haya kana kwamba ni swali la Mwalimu Machibya, pointi upande huu, pointi upande ule.

Alhamisi, 3 Aprili

Baba amefariki mchana. Nilikuwa nimetoka kununua maji ya kunywa.

Ijumaa, 4 Aprili

Turubai, viti, watu. Mtu amepiga teke beseni na maji yakaenda chini ya zulia. Nimelikamua.

Jumamosi, 5 Aprili

Kikao kilifanyika sebuleni kwa sababu turubai la nje lilikuwa limejaa maji. Walikuwepo mama, mimi, baba mkubwa Ogweno aliyefika alfajiri, na wazee wa Kijaluo wanaoishi hapa mjini. Baba mkubwa ndiye aliyefungua. Alisema ndugu yake atarudishwa Rorya. Atajengewa nyumba ya miti kwa siku moja, alale humo usiku mmoja, kesho yake azikwe. Ndivyo anavyofanyiwa mwanamume aliyekufa bila nyumba, kwa sababu hawezi kutolewa kwenye mlango wa mtu mwingine.

"Mume wangu ana ghorofa," mama akasema.

"Kwetu hana, shemeji."

"Na nani alimzuia?" Sauti ya mama ilipanda. "Miaka yote mwakani, mwakani. Alinioa mimi au alinipangisha?" Halafu akanigeukia. "Achola ndiye alikuwa naye siku za mwisho. Mwanangu, baba yako alisema nini?"

Wote wakaniangalia. Nilikuwa na dasta ya kufutia sakafu mkononi. Sikuamua kusema, nilisikia tu mdomo wangu ukisema. Alisema asipelekwe. Azikwe hapa, nyuma ya tangi. Alisema kule hana mlango.

Mzee mmoja akatikisa kichwa. "Kiburi hicho. Kiburi mpaka kaburini. Mtu na mali yote hii, kwao hata nguzo!"

"Msimseme hivyo," baba mkubwa akasema.

Tulifikiri anamtetea marehemu kama ilivyo desturi. Lakini alikuwa amesimama, na huyu ni mtu ambaye kwetu hajawahi kusimama isipokuwa kuaga.

"Nyie wazee mnajua. Kwetu mdogo hatangulii kujenga. Akitangulia amemruka mkubwa wake, amemhesabu kama amekufa. Mkubwa ni mimi. Mimi nalala nyumba aliyoacha baba yetu mpaka leo. Yangu sijajenga." Akamgeukia mama. "Owiti alileta lori la mabati. Akasema, kaka, tujenge ya kwako, halafu yangu. Nikalirudisha. Nilimwambia sijengewi na mdogo wangu kama mjane. Nikamwambia asubiri nipate cha kwangu. Akasema sawa, kaka. Akasubiri."



"Lakini ulikuwa unakuja hapa kumuuliza," mama akasema polepole. "Hapa hapa. Mbele yangu. Nyumbani lini?"

"Nilikuwa nauliza ili watu wasiniulize mimi."

"Na yeye?"

"Alijibu mwakani. Ulisikia, shemeji. Hakunitaja hata siku moja."

Nilimtazama baba mkubwa na nilitaka kumchukia zaidi, nafasi ilikuwepo kabisa. Chuki haikuja. Niliona tu soksi zake, maana viatu alikuwa ameviacha mlangoni, na moja ilikuwa imeshonwa kidoleni kwa uzi wa rangi nyingine.

Mama alifikiri sana. Wazee walianza kunong'ona kuhusu gari la maiti, akawanyamazisha kwa mkono.

"Shemeji, nenda ukajenge. Ya kwako kwanza, iwe na paa. Halafu ya mume wangu. Siyo kibanda cha kuegesha miti, iwe na mlango wenye bawaba. Zikisimama zote mbili nitamleta. Zisiposimama mpaka Ijumaa, namzika hapa kama alivyosema."

"Mvua hii, mama," mzee akalalamika. "Udongo hautashika."

"Basi hautashika."

Baba mkubwa aliondoka mchana huohuo. Safari hii alipokea nauli.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Baba mkubwa amepiga simu, ukuta wa nyumba yake umeanguka upande mmoja. Wanaanza tena. Mama alisikiliza, akajibu, "Ijumaa, shemeji," akakata.

Kija amekuja na madaftari ya masomo niliyoyakosa. Alilia, mimi nikamtengenezea chai. Akaniuliza kama baba ataletwa kanisani kwetu au vipi. Nikamwambia itategemea matope.

Jumanne, 8 Aprili

Mawingu bila mvua mpaka jioni. Nimejikuta nimesimama barazani nikiliangalia anga la upande wa Mara, iliko Rorya, ambao hata hauonekani kutoka kwetu. Nilidhani sijali baba atalala wapi. Kumbe nataka ile nyumba isimame. Nataka kweli. Ni kitu cha kwanza ninachokitaka tangu Desemba.

Jumatano, 9 Aprili

Baba mkubwa: yake imeezekwa. Mama akauliza mabati ametoa wapi. Kumbe dereva wa lori lile hakuyarudisha Mwanza. Baba alimwambia ayashushe Utegi, hukohuko Rorya, kwa mwenye duka, yatunzwe mpaka kaka akubali. Yamekaa pale yakapauka. Baba mkubwa amekwenda kuyachukua mwenyewe.

Mama alikaa na simu mkononi baada ya kuzungumza. "Angeniambia," alisema. "Ningesubiri naye." Kisha akalia. Mimi nikakaa karibu yake, basi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua kubwa usiku. Hakuna simu. Mama ameshamwita mtu wa kuchimba nyuma ya tangi, aje kesho asubuhi apime.

Ijumaa, 11 Aprili

Simu imelia tukiwa tunakunywa uji. Mama akaweka sauti ya juu ili nisikie.

"Shemeji, imesimama."

"Mlango?"

"Upo. Una bawaba tatu. Na kitasa."

Mama akamwambia mtu wa kuchimba arudi nyumbani kwake. Nimempakilia mama nguo. Zangu nimezitia kwenye beseni la bluu kwa sababu begi lilikuwa limelowa.

Jumapili, 13 Aprili

Tumerudi. Naandika polepole.

Tulifika Ijumaa jioni mvua ikinyesha. Nyumba ziko mbili, zinatazamana na ile ya babu. Ya baba mkubwa iko mbele, udongo bado mbichi, alama za vidole ukutani. Ya baba iko pembeni yake, ndogo zaidi, chumba kimoja na dirisha moja. Baba mkubwa alisimama kwenye mlango wake mwenyewe kutupokea, kwa sababu kwanza ilibidi yeye awe na mlango wa kusimama. Mikono ilikuwa imechubuka mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema.

Jeneza likaingizwa. Mama aliingia nyuma yake, akapapasa mlango, akaufunga na kuufungua. Wanawake wa pale walimwita wakamwambia apange vitu vyake, mwenye nyumba ni yeye. Sikuwahi kumwona mama akitembea vile Rorya, bila kuomba njia.

Mvua ikazidi. Niliisikia ikipiga bati, na bila kufikiri nikazimwaga nguo zangu kwenye mkeka nikachukua beseni. Nikaangalia juu. Nikasogea pembeni ya jeneza, nikaangalia juu. Nikaenda kona ya dirisha. Nikazunguka chumba kizima na beseni langu, watu wakinipisha, nikitafuta mahali panapovuja.

Hapakuvuja popote.

Baba mkubwa alikuwa mlangoni. "Unatafuta nini, Achola?"

Nikakaa chini na beseni mapajani, nikalia. Nililia kwa sauti, makamasi, kila kitu, nikimlilia baba ambaye nilimsema mbele ya darasa. Baba mkubwa akaketi sakafuni kando yangu, akalia na yeye. Aliendelea hata mimi nilipomaliza.

Tumemzika Jumamosi. Jua lilitoka.

Jumatatu, 14 Aprili

Shule. Kija amenikumbatia nikasikia uzito wa mikono yake.

Ijumaa, 25 Aprili

Mwalimu Machibya amerudisha insha. Niliandika kwamba sijui tajiri alishindwa wapi, na kwamba kabla ya kumhukumu ningependa kumuuliza kaka yake. Kwa wino mwekundu ameandika: Kaka hayumo kwenye swali. Baada ya kipindi akaniita, kwa upole, anajua nimefiwa.

"Ulianza vizuri sana mwezi wa tatu, Favour. Tamaa, kujionyesha, kusahau kwao. Imekuwaje?"

"Mwalimu, yule kaka yumo sura ya kwanza. Alimbebea sanduku. Halafu kitabu kizima yuko kule shambani na hakuna anayemuuliza kitu."

"Mwandishi hakuona umuhimu wake."

"Na sisi hatukuona."

Akanitazama, akachukua kalamu, akaongeza alama mbili. Amesema kwenye mtihani nisithubutu.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua bado, mabeseni matatu. Jioni baba mkubwa alipiga simu. Kwanza maharage, kisha ng'ombe aliyezaa, kisha akauliza, "Huko kwenu bado kunavuja?"

"Kunavuja, baba mkubwa."

"Yale mabati yamebaki mengi. Yalikuwa ya nyumba mbili kubwa, sisi tumejenga ndogo. Nitakuja nayo. Zile nondo tutazikata, bati lipate kukaa. Mama yako atakubali zikatwe?"

Mama alikuwa anasikia. Akaitikia kwa kichwa kwamba atakubali.

"Atakubali," nikasema. "Unakuja lini?"

Nilishikilia simu kwa mikono miwili, maana jibu la swali hilo nimelisikia maisha yangu yote.

"Jumamosi hii," akasema.